Aleluya Isitangulie Mkesha

Tunaziunga mkono parokia zinazopanga mapema ujumbe wa mitandao ya kijamii. Masomo ya Dominika yakirushwa Ijumaa jioni, familia hupata muda wa kuyatafakari, na katekista wa kigangoni asiyepata mtandao kila siku huyapata kwa wakati.

Lakini simu haijui liturujia. Tangu Jumatano ya Majivu Kanisa huinyamazisha Aleluya, nayo husikika tena katika Mkesha wa Pasaka, unaoadhimishwa usiku, giza likisha kuingia. Hata hivyo, Jumamosi Kuu asubuhi, Bwana angali kaburini, baadhi ya kurasa zetu huwa zimekwisha kutangaza "Kristo amefufuka!" Haraka hiyo inawanyima waamini ukimya wanaouhitaji, hasa wenye msiba, wanaoijua vyema siku ile ya kungoja.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, ujumbe wa Pasaka upangiwe saa ya baada ya Mkesha. Pili, anayetunza ukurasa wa parokia aukague kila asubuhi na jioni: muumini akifariki usiku, tangazo la tamasha la kwaya lililopangwa tangu juzi lisitangulie tanzia. Kupanga saa si kuacha lindo.