Kutafuta Penye Kuvuja ni Kazi, Nayo Ilipwe



Kuna neno linalosemwa sana katika magereji, nalo latuudhi. Mwenye gari huleta Land Rover kuukuu, mafuta ya injini yadondoka chini, naye husema: "Kaza tu hizo nati, ni kazi ya dakika kumi." Tajiri wa gereji huitikia. Fundi akitaka kwanza kutafuta yanakotoka mafuta, huambiwa apoteza wakati. Sisi twasema ya kwamba kutafuta ndiyo kazi yenyewe, na kazi hulipwa.

Tutazame gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Injini ya petroli ya lita mbili na robo ilikuja na Series II mwaka 1958, na Series III ikaendelea kutengenezwa hadi 1985. Basi hata lililo changa katika magari hayo ni zee. Gasketi zake nyingi ni za karatasi, au za gome laini kama vizibo vya chupa, na sili nyingine ni za mpira. Gome hukauka likanywea, mpira hugeuka mgumu kwa joto. Hilo ni kosa la miaka, si kosa la fundi.

Tena mafuta hayatoki pale yanapodondoka. Hutoka juu, huteremka ubavuni mwa injini, upepo wa njiani huyapeleka nyuma, mwisho huning'inia kwenye sampu. Mtu akilifuata tone tu, atafungua sampu bure, na kumbe kifuniko cha valvu ndicho kinachovuja.

Fundi mwema huanza na kipimo, aone kama mafuta yamezidi. Kisha hutazama bomba la kupumulia injini. Bomba hilo likiziba, hewa ya ndani hukosa njia, ikasukuma mafuta nje kupita kwenye sili, hata ikiwa sili ni mpya. Halafu huosha injini, huikausha, huinyunyizia poda nyeupe, huiwasha robo saa, huizima, akaitazama kwa tochi toka juu hadi chini. Poda iliyolowa ndiyo shahidi. Je, hiyo ni kazi ya dakika kumi?

Na huko kukaza ovyo kwaleta hasara. Kifuniko cha valvu ni cha bati. Kikikazwa kupita kiasi hupinda, gasketi hubanwa ikatokeza nje, na kuvuja huzidi. Kupaka silikoni kwa wingi ni vivyo hivyo: iliyozidi huingia ndani, vipande vyake vikaenda kuziba chujio la pampu ya mafuta. Injini ikifa, nani atalaumiwa? Ni fundi aliyeamriwa kufanya haraka.

Liko jambo lingine baya zaidi. Chini ya nyumba ya flaiweli pana tundu dogo lenye kizibo chake cha skrubu. Kizibo hicho hutiwa gari linapovuka maji au matope mengi, kisha hutolewa. Mafuta yakidondoka tunduni, huenda yatoka kwenye sili ya nyuma ya injini, au ni ya giaboksi. Fundi huyatambua kwa kuyanusa, maana ya giaboksi yana harufu kali kama ya kibiriti. Lakini wako wenye magari wanaoamuru tundu lizibwe ili wasione tone. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mafuta hujaa ndani, yakafika kwenye klachi, nayo klachi ikateleza mlimani gari likiwa na mzigo na watu.

Kuibadili sili ile yataka viti na sakafu ving'olewe, giaboksi itolewe, kisha klachi, flaiweli na nyumba yake. Sili yenyewe yaingia mkononi na bei yake si kubwa. Mwenye gari huiona bei ya sili, lakini saa za mtu aliyelala chini ya chuma hazioni.

Mtu huyo ana mwili. Mafuta yaliyotumika huharibu ngozi, na yakizoeleka kuipata kwa miaka yaweza kuleta saratani. Gari lililoshikwa na jeki peke yake laweza kumwangukia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe mavazi ya kinga kwa mfanya kazi anayeshika vitu vya kudhuru. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na hali njema ya kazi. Glavu na vigingi vya chuma vya kushikilia gari si zawadi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, saa za kutafuta ziandikwe katika karatasi ya kazi na zilipwe, hata mwenye gari akiamua kutoendelea. Pili, fundi asikatwe mshahara kwa sababu gari lililozibwa mbele limevuja nyuma. Tatu, fundi asilazimishwe kuziba tundu la kuficha ubovu.

Wenye magari watasema, "Mtatafuta siku nzima ili mtutoze." Hofu hiyo ina haki yake, maana wapo mafundi wadanganyifu. Basi saa zipatanwe kabla ya kuanza, na mwenye gari aitwe aione poda iliyolowa kwa macho yake. Nasi kwa upande wetu, mtu asipake silikoni juu ya uchafu na kusema amemaliza. Injini nyingine za kale zitabakiza tone moja hata baada ya kazi njema. Fundi aseme hivyo wazi kabla ya kupokea shilingi.

Kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake, na wajumbe wa magereji waipeleke kwa matajiri. Shime, ndugu! Tusikaze nati kabla ya kujua sababu, wala tusitoe jasho lisiloandikwa.