Fundi kamaliza kazi, mbona bado yumo ndani?

UPEPO WA KUSI
Na Mwana wa Raskazone

Jumanne alasiri nilikwenda kwenye nyumba moja ya wageni hapa Raskazone, Tanga, kumsubiri jamaa yangu aliyekuja kutoka Muscat. Alikuwa bado hajashuka. Dada wa mapokezi akaniamkia, akanivutia kiti pembeni ya meza yake, akaenda jikoni kuhimiza chai ya wageni. Nikabaki mimi na kompyuta yake. Mara mshale kwenye skrini ukaanza kutembea.

Kipanya kilikuwa juu ya daftari la wageni, hakuna aliyekigusa. Mshale ukapanda, ukafungua folda, na ndani ya folda zikajipanga picha za pasipoti. Kijani, nyekundu, buluu. Mshale ukazipitia polepole, ukasimama juu ya moja, ukaibofya. Uso wa mama mmoja aliyejitanda ukajaa skrini nzima, na jina lake, na tarehe yake ya kuzaliwa, na namba yake ya pasipoti. Ukakaa hivyo kitambo. Kisha ukafungwa, ikafunguliwa nyingine.

Nilimwita yule dada kwa sauti iliyowatoa wahudumu jikoni. Akaja, akatazama, akatulia.

"Aa, huyo ni fundi, mzee. Yuko Dar. Huwa anaingia."

"Anaingia kufanya nini, mwanangu?"

"Sijui kwa kweli. Alitutengenezea printa kabla ya Ramadhani. Tangu hapo anaingia tu."

Anaingia tu! Sina subira na neno hilo, na sitalitafutia maneno laini. Mtu aliyeitwa kutengeneza printa, akaitengeneza, akalipwa, halafu miezi inapita naye bado anapekua pasipoti za wageni, huyo hatoi huduma. Ni mvamizi, hata kama siku ya kwanza alikaribishwa kwa chai.

Nilimwomba yule dada aniruhusu tuitazame programu ya kuunganishia anayoitumia fundi. Akakubali, tukafungua mipangilio, sehemu ya usalama. Pale kuna swali moja kubwa: mtu wa mbali akiomba kuingia, aruhusiwe lini? Majibu ni matatu. Kila mara. Pale tu dirisha la programu likiwa wazi. Au asiruhusiwe kabisa. Lao lilikuwa kila mara. Chini yake kuna kisanduku cha kumruhusu mtu aingie bila yeyote wa upande huu kubofya "kubali", mradi ana nywila. Kimetiwa alama. Nikamuuliza nywila ni ipi. Akanitajia bila kufikiri: jina la nyumba ya wageni na 123.

Tukashuka kwenye orodha ya ruhusa. Kushika kibodi na kipanya, ndiyo. Kusikia sauti, ndiyo. Kunakili mafaili kwenda na kurudi, ndiyo. Kuifanya skrini yetu iwe nyeusi wakati yeye anaendelea na yake, ndiyo. Niambieni, enyi mafundi, ni printa gani inayotengenezwa kwa kumfunga macho mwenye kompyuta?

Akampigia mwenye mali. Nilikuwa karibu, simu ilikuwa na sauti. "Mwache," akajibu yule bwana, "huyo ni mtu wetu."

Wasomaji wangu wa zamani mnamjua "mtu wetu". Ndiye aliyetengeneza ule mfereji ambao sasa unapeleka maji dukani badala ya baharini. Ndiye aliyekata mnazi ukaangukia ukuta wa jirani. Tanga nzima tunakabidhi mali kwa mtu ambaye sifa yake ya kwanza ni kwamba ni wetu, na tukiulizwa kafanya nini hasa, hatujui. Na wale wanaoniandikia kila nikiwagusa mafundi, wiki hii waandike kwa wingi, nitawasoma wote.

Msinielewe vibaya. Sipingi fundi kuifikia kompyuta kutoka mbali. Dar na Tanga ni safari ya mchana mzima kwenye basi, na si kila kasoro inastahili nauli. Ndiyo maana programu hizi zipo, TeamViewer tangu 2005, AnyDesk baadaye, zote za Wajerumani, na ile inayokuja na Windows yenyewe. Zimewasaidia watu wengi. Ingawa nakumbuka pia Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Ofisi za mji huu zilikaa zikimngoja fundi wa Dar, na huku vijana waliosomea ufundi hapahapa Tanga wanapita barabarani wakitafuta kibarua. Lakini hilo lina safu yake.

Ninachokipinga ni uvivu wa mipangilio. Programu inapowekwa, fundi anachagua njia iliyo rahisi kwake. Anaacha mlango wazi ili kesho asipate taabu ya kupiga simu na kusubiri mtu abofye "kubali". Taabu anayoikwepa ni ya dakika moja, na gharama yake anatwishwa yule mama aliyejitanda, ambaye hata hajui kama fundi yupo. Fundi bomba akimaliza kuziba bomba haondoki na ufunguo wa chumba cha kulala. Kwa nini huyu wa kompyuta aondoke nao?

Tena tuchukulie huyu wa kwetu ni mwaminifu, anachungulia kwa mazoea tu. Nywila ya jina na 123 haimngojei yeye peke yake. Wapo mafundi wanaokwenda mbali zaidi, wanaingia kwenye rauta na kuufungua mlango namba 3389, ule wa programu ya Windows, uelekee intaneti yote. Ziko programu ambazo kazi yake usiku na mchana ni kuugonga mlango huo dunia nzima, zikijaribu nywila moja baada ya nyingine. Mei 2019 hatari ya mlango huo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu 2014. Na Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kwamba mifumo yao imeingiliwa, wakawataka wateja wabadilishe nywila. Kampuni nzima yenye wataalamu iliingiliwa. Sembuse kompyuta ya mapokezi.

Kazi inayotakiwa ni ndogo. Chagua dirisha likiwa wazi tu. Futa nywila ya kuingia bila ruhusa, au kama ni lazima iwepo, iwe ndefu na iongezewe uthibitisho wa pili wa simu. Weka orodha ya namba za kompyuta zinazokubaliwa kuingia, iwemo ya fundi mmoja tu, na siku kazi ikiisha ifute. Ondoa ruhusa ya mafaili, ondoa ya kuzima skrini. Na yote yafanyike mbele ya anayeitumia kompyuta hiyo, yaani yule dada wa mapokezi, kwa Kiswahili anachokielewa, mpaka aweze kufunga mwenyewe.

Sheria nayo imeshasema. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza mtu kubaki kwa makusudi ndani ya mfumo wa kompyuta, au kuendelea kuutumia, muda aliopewa ukiisha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Anayekusanya ni mwenye nyumba ya wageni. Mgeni hakumpa pasipoti fundi wa Dar, alimpa yeye, kwa sababu aliambiwa bila hiyo hapewi chumba.

Jamaa yangu naye alilala pale, kwa hiyo pasipoti yake imo kwenye folda ile. Nilipomweleza aliniuliza amdai nani. Nimempa namba ya simu ya mwenye mali. Na wenye nyumba za wageni wengine wanaoona kufunga mipangilio ni usumbufu, waache kudai pasipoti za watu.