Kupatana kuhusu maji kufundishwe

Migogoro ya maji ya umwagiliaji haimalizwi na mwenyekiti mwenye sauti kubwa. Humalizwa na viongozi wanaojua kupatana, na kupatana ni stadi inayofundishika, kama kupanda kwa mstari.

Mfano upo hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Uingereza na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliwachezesha wakulima wa bonde la Usangu, Mbeya, mchezo wa ubao uliobuniwa na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia. Ubao huinamishwa, gololi ni maji ya mto, vijiti ni mabanio, vishimo ni majaruba ya mpunga. Aliye juu hukinga gololi nyingi, wa chini huambulia patupu.

Faida kubwa hupatikana wachezaji wanapobadilishana nafasi. Mkulima wa juu akihamia chini, huonja adha ya jirani yake. Hapo mazungumzo ya zamu huanza bila panga wala polisi.

Vyuo vya kilimo na vyama vya watumia maji visisubiri mfadhili. Ubao na gololi si ghali. Muhimu ni kila zoezi liishie kwenye maandishi: nani afungue banio, siku gani, na faini ni kiasi gani. Bila hayo utabaki mchezo tu, na mpunga wa chini utaendelea kukauka.