Mnyonge Si Chombo cha Majaribio

Utafiti juu ya kuoza kwa meno ulianza mwaka 1945 katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, Uswidi. Baadaye wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata, tena bila kuombwa ridhaa. Meno ya wengi yaliharibika. Ikathibitika kwamba vitu vitamu vinavyonata, hasa vikiliwa kati ya mlo na mlo, huozesha meno.

Elimu hiyo inatufaa hadi leo. Lakini fedha zilitolewa na Serikali na wenye viwanda vya peremende. Meno yalitolewa na wanyonge.

Hivyo basi, anayetaka kujaribu dawa ya meno kwa binadamu hana budi kumweleza kwanza na kupata ridhaa yake. Asiyeweza kujisemea lazima alindwe.