Shule ya mtandaoni ililipwa kwa vichwa, wanafunzi wakaachwa kwa mataa

Shule bila kengele, bila sare, unasomea kitandani na hulipi karo. Ungekataa? Vijana wengi wa jimbo la Ohio, Marekani, hawakukataa. Shule yenyewe iliitwa Electronic Classroom of Tomorrow, kwa kifupi ECOT, na ilianza mwaka wa 2000.

ECOT ilikuwa shule ya 'charter', yaani pesa ni za umma lakini inajisimamia yenyewe. Kila jimbo Marekani huamua kama litaruhusu shule hizo na kwa masharti gani. Minnesota ilitangulia kutunga sheria hiyo mwaka wa 1991.

Sasa shika hapa. ECOT ililipwa kulingana na idadi ya wanafunzi. Wa darasani unamwona kwa macho, lakini wa mtandaoni utamhesabu vipi? Wakaguzi walipopitia mwaka wa masomo wa 2015-16, shule ilikuwa imedai malipo ya wanafunzi zaidi ya 15,000. Rekodi za masomo zilitosha kama 6,300 tu!

Shule ikajitetea kwamba sheria iliitaka kutoa nafasi ya kusoma saa 920 kwa mwaka. Mtoto asipoingia, shauri yake. Ni kama mama wa kibanda akulipishe chapati kwa sababu tu aliipika.

Jimbo likadai takriban dola milioni 60 za mwaka huo. ECOT ikafungwa Januari 2018, katikati ya mwaka, na wanafunzi kama 12,000 wakaanza kusaka shule nyingine. Agosti hiyo, Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kudai rekodi hizo. Lakini watoto walikuwa washatawanyika.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo simcheki mtu anayetafuta njia tofauti ya kusoma. Mgonjwa, mama mchanga, kijana wa kibarua, wote wanaihitaji. Ndiyo maana sheria legelege inaniudhi, kwa sababu inawaumiza hao hao kwanza.

Usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Hapa Kenya mgao wa shule ya upili umepangwa kuwa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na 'wanafunzi hewa' tunawajua hata bila intaneti. Kwa hivyo mwanasiasa akija kukuahidi shule ya kidijitali, usiulize tu kuhusu tableti. Muulize: mtalipa kwa jina lililo kwenye orodha, au kwa mtoto anayesoma?