UCHAMBUZI: Alama za mtihani si fedha za kununulia kozi

WATAHINIWA 246,391 walipata gredi ya C+ kwenda juu katika mtihani wa KCSE wa 2024, gredi inayofungua mlango wa chuo kikuu. Wanaotaka nafasi zinazofadhiliwa na serikali huteua kozi kupitia KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Katika nyumba nyingi, swali kuu wakati huo huwa si mtoto anaweza kazi gani, wala ni kazi ipi angependa kuamka akiifanya kila siku. Huwa ni: alama hizi zinatosha nini?

Ndivyo alama zilivyogeuka sarafu. Aliye na A akitaka kusomea historia au kilimo, wajomba na shangazi huitana kumkanya asije 'akapoteza alama', kana kwamba ameshika noti ya elfu moja na anataka kununua peremende bila kudai chenji. Kozi hupimwa kwa ugumu wa kuingia, si kwa kazi iliyo upande wa pili.

Juja ni mahali mwafaka pa kulitazama jambo hili. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilianza hapo mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikiwa chuo cha kiwango cha kati cha kilimo na uhandisi. Aliyejiunga nacho enzi hizo alijua anakwenda kushika nini mkononi. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994, na orodha ya kozi imerefuka tangu hapo, kiasi kwamba jina la kozi pekee halimwambii kijana wa miaka 18 mengi kuhusu kazi yenyewe.

Chukua mfano wa shahada ya hisabati ya bima, ambayo hufundishwa hapo na huwavutia vijana walioibuka na A ya hisabati. Si wote huambiwa mapema kwamba shahada hiyo ni nusu ya safari. Anayetaka kuwa mtaalamu kamili kwa kawaida hukabiliwa na mitihani ya chama cha wataalamu hao cha Uingereza, ambayo huchukua miaka na kugharimu pesa, ilhali kampuni za bima nchini ni chache. Wapo wanaoishia benki, katika uchanganuzi wa takwimu au kufundisha. Hilo si balaa. Hisabati ni hazina popote. Balaa ni kulijua katika mwaka wa nne.

Hata udaktari, uliodhaniwa kuwa bandari tulivu, ulionyesha mawimbi mwaka 2024. Madaktari waligoma kwa siku 56 hadi mwezi Mei, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwapa Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 zilizotokana na mkataba wa 2017. Mvutano huo ulifika Desemba.

Fikra ya kupanga kazi kwa utaratibu si ngeni. Mmarekani Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi jijini Boston mwaka 1908, alipendekeza hatua tatu: mtu ajijue, azijue kazi, kisha apime uhusiano wa mambo hayo mawili. Dodoso za kujitathmini wanazopewa wanafunzi hadi leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye mtego. Dodoso humwuliza kijana iwapo anapenda kufanya kazi na watu au na mashine. Atajuaje, ikiwa hajawahi kushika spana wala kumsikiliza mteja aliyekasirika? Atajibu kwa kukumbuka televisheni, au kwa kumwogopa baba. Mafunzo ya nyanjani, ambayo yangemfumbua macho, huja akiwa tayari katikati ya shahada. Ndipo mwingine hutambua kwamba maabara humchosha, na kumbe kipaji chake ni kuuza.

Kujijua na kuzijua kazi, basi, huenda pamoja, na viunga vya Juja vinatosha kuwa darasa. Ruiru ipo taasisi ya utafiti wa kahawa iliyozalisha aina ya Ruiru 11 katika miaka ya 1980. Thika kuna viwanda vya mafuta ya kupikia, vitambaa na mananasi ya mkebe. Kuelekea Ndarugu kuna machimbo ya mawe ya kujengea. Kijana anayesubiri matokeo akishinda wiki moja katika gereji, duka la dawa au shamba la mboga, akifagia huku akiuliza, atajifunza kuliko dodoso kumi. Aulize anayeanza hulipwa kiasi gani na kwa mkataba wa muda gani. Aulize pia kama bodi inayotoa leseni inaitambua kozi anayoitaka, kwa kuwa wapo waliosomea uhandisi miaka mitano kisha wakakataliwa na bodi yao.

Si kila mtoto ana Juja mlangoni. Aliyekulia mahali ambapo wenye mshahara ni mwalimu, polisi na naibu wa chifu atachagua miongoni mwa hao. Na sasa uamuzi umesogezwa mbele: chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9, zaidi ya milioni 1.1, waliteua mwaka 2025 mkondo wa sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, wengi wakiwa na miaka 14 au 15.

Aliye mwaka wa kwanza chuoni akahisi amepotea bado ana njia. KUCCPS hupokea maombi ya uhamisho, mradi pointi zake zifikie kiwango cha kozi anayoitaka na nafasi iwepo, lakini dirisha hilo hufungwa upesi. Anayenyamaza hadi mwaka wa tatu kwa kuwahofia wazazi hubaki kuchagua kati ya kuanza upya na kumaliza asichokitaka, huku mkopo wa HELB ukingoja kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo.