Neno la "Hana Kichwa"

Katika vijiji vyetu vya Peramiho liko neno moja lisemwalo kwa wepesi kama salamu, nalo ni hili: "Mtoto huyu hana kichwa." Baba hulisema aletewapo matokeo ya mtihani, na sisi walimu, kwa aibu yetu, wengine hulisema mbele ya darasa zima. Mtoto husikia, huamini, na mwaka ufuatao amekwisha kukabidhiwa jembe. Nasema neno hili ni uongo, tena uongo wenye hasara.

Mtazameni mtoto huyo huyo siku ya ngoma ya lizombe. Nyimbo azijua zote, na mahali pa kuitikia apajua, wala hakuna aliyemwandikia. Kanisani huitikia litania bila kitabu. Je, kichwa hicho amekiazima kwa nani? Nyimbo hizo amezisikia na kuziimba leo, na wiki ijayo, na msimu ujao. Bali hesabu alifundishwa mara moja, kisha akadaiwa.

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio nafsi yake, akachapisha habari zake mwaka 1885. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana yo yote, kisha akapima amebakiwa na kiasi gani. Kwa kipimo chake, saa moja ilipopita zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha kupotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi tu. Mtu wa elimu kubwa, naye alisahau vile vile! Lakini aliona na jambo jingine, nalo ndilo kiini cha maneno yangu: kukariri mara 38, akizigawa katika siku tatu, kulimfaa sawasawa na kukariri mara 68 mfululizo kwa siku moja. Basi yule akeshaye na taa usiku wa kuamkia mtihani hufanya kazi karibu maradufu, na bado twamsifu kwa bidii!

Wako na wale wa upande wa pili, wenye kudharau kukariri kote, wakisema ni kazi ya kasuku. Hao wana haki nusu. Kutamka maneno usiyoyaelewa ni kazi ya kasuku kweli. Lakini aliyeelewa leo asirudie tena, hata alichokielewa kitamtoka.

Tena kurudia si kupitisha macho juu ya ukurasa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kujifunza. Wengine waliisoma vipindi vinne. Wengine waliisoma kipindi kimoja, na vipindi vitatu wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki moja wale wa kwanza walikumbuka sehemu 40 katika 100, na hawa wa pili 61. La ajabu ni kwamba waliosoma tu ndio waliojitumainia zaidi. Kukumbuka ni kama njia ya kisimani: kuitazama hakuondoi majani, kuipita ndiko kunakoyaondoa.

Sisemi watoto wote wamelingana. Mmoja atashika kwa mara tatu, mwingine kwa mara kumi. Lakini mwenye kuhitaji mara kumi, akapewa tatu, kosa ni la nani?

Nami najua jibu la wazazi: "Hatuna nafasi, na wengine wetu hatukusoma sana." Mwendo wa kwenda shambani si nafasi? Mwulizeni mtoto njiani alichofundishwa juzi, si cha leo tu. Na Jumapili mwulizeni cha wiki iliyopita. Hata bibi asiyejua herufi moja aweza kukishika kitabu, akikifunga, na kusikiliza. Pale mjukuu anapogugumia, bibi atajua vema kwamba hapo ndipo pa kumrudisha.